Nyayo Zangu kwenye Mgongo wa Deo

Jumatatu, 4 Mei
Nimemkanyaga Deo mgongo tena baada ya chai ya jioni. Siku ya kumi na moja. Analala kifudifudi kwenye mkeka, napanda taratibu, nashika ukuta. Anaguna. Bibi alimfanyia babu hivyo hivyo kila msimu wa kulima. Wiki ya sita ya ndoa, na bado nikiandika "mume wangu" nacheka peke yangu. Mume wangu! Ila maumivu hayaishi. Tangu ainue lile kabati kwenye karakana yao ya useremala Mabatini, hajanyooka.

Jumatano, 6 Mei
Eksirei. Mifupa safi. Nimemshukuru Mungu kwa sauti, foleni nzima ikageuka.
Mama mkwe amefika kutoka Misungwi. Akaiinua picha kwenye mwanga wa dirisha. "Mifupa mizima. Sasa mgongo gani huo? Bibi harusi, mwache mwanangu apumzike!" Majirani wakaangua kicheko. Deo naye akacheka, huku ameshika kiuno.
Aibu. Hasira. Jioni nimekanyaga kwa nguvu zaidi, apone haraka.

Ijumaa, 8 Mei
Deo ameshindwa kutoka kitandani. Maumivu yameshuka hadi pajani. Daktari anasema eksirei inaonyesha mifupa, nyama haionyeshi vizuri. Anataka kipimo cha MRI, kinachoonyesha hadi nyama. Kama diski, ule mto laini kati ya pingili za mgongo, imebana mshipa wa fahamu, huenda akapasuliwa. Kupasuliwa! Seremala wa miaka ishirini na saba. Naogopa. Sijala.

Jumatatu, 11 Mei
Amevua mkanda, saa, pete. Pete nimeivaa kwenye kidole gumba. Mashine inagonga kama mafundi bati. Nusu saa nzima, simwoni.
Mchana, majibu. Mifupa sawa. Diski sawa. Ila nyama za pande zote mbili za uti wa mgongo zina weupe kwenye picha. Weupe ni maji ya uvimbe. Hakuna kupasuliwa! Nilitaka kumkumbatia daktari.
Kisha akauliza, "Uvimbe huu ungekuwa umeanza kupungua. Nani anakukanda?"
Deo akatazama dari. "Kuna fundi mmoja tu, daktari."
Ananificha. Mume wangu ananificha!
"Ni mimi, daktari. Namkanyaga. Kila jioni."
"Kwa miguu yote miwili?"
"Yote."
Daktari akavua miwani, akafuta, akavaa. Kaandika dawa za uvimbe, mapumziko, mazoezi mepesi baadaye. Kwangu mimi, nisipande tena.
Nimelia njia nzima hadi nyumbani Pasiansi. Deo anasema alivumilia kwa sababu aliniona nafurahi kumtibu. Mjinga wangu. Nampenda hadi nakasirika.

Alhamisi, 21 Mei
Mama mkwe amerudi kwake. Nyumba kimya.
Asubuhi Deo ameinama kufunga kamba za viatu. Polepole. Akatulia katikati, akavuta pumzi, akaendelea. Mimi kwenye kiti, mikono nimeikalia nisimguse. Kiatu cha kwanza. Cha pili.