Amelitia Gari la Marehemu Baba Yake Injini Mpya, Naogopa Kulipanda

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako, na naomba jibu lako linifikie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku mume wangu amepanga kutupakia wote, mimi, mama yake na pacha wetu, kwenye gari la marehemu baba yake, atupeleke kwa shangazi yake ng'ambo ya mlima.

Gari lenyewe ni la zamani sana, la bluu, lilikaa uani chini ya turubai mpaka kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha nyuma, halafu kazi ya mume wangu ilipokoma akawa mtu wa kutazama ukuta tu, hasemi, hali, ndipo akapata injini ya gari la kisasa lililogongwa nyuma likabaki zima mbele, wakajifungia gereji yeye na fundi, wakakata chuma, wakachomelea vishikio vipya maana injini haikutaka kukaa, na sikufichi, mshauri, mume wangu alirudi kuwa mtu, akawa anapiga mluzi bafuni, ananitania, nami kwa furaha nikawa nawapelekea chai.

Siku ilipowaka nilikuwepo. Fundi, kijana tu, alijifuta mikono akasema, "Injini imekubali, mzee. Ila umempa bibi moyo wa binti, miguu ni ile ile." Gereji nzima ikacheka, mume wangu akacheka kuliko wote, na kesho yake akanunua matairi mapya yanayong'aa, akasema haya, sasa bibi ana miguu.

Juzi alinichukua tukalijaribu kwenye mteremko wa kwenda sokoni, gari likaondoka kwa nguvu nikabanwa kwenye kiti, na tulipofika chini kwenye njia panda akakanyaga breki ikazama, akakanyaga tena ikazama, ndipo likashika, lakini pua imeshaingia njia ya malori, lori likatukwepa huku dereva wake akitutukana, na ndani kukajaa harufu ya kuungua. Mume wangu akacheka. "Linazoea tu hili, mama." Lakini niliiona mikono yake kwenye usukani, ilikuwa inatetemeka.

Njia ya kwa shangazi ni kona tupu, na chini ya mlima kuna daraja jembamba, nikifumba macho naliona. Nilimdokeza mama mkwe, akanijibu, "Mwanangu amelifufua gari la baba yake, wewe unataka lizikwe tena?" Pacha wanagombania nani akae mbele. Nikisema, naona nitamrudisha mume wangu kwenye ukuta ule, nikinyamaza naona daraja, sasa nimefikiria nichomoe waya mmoja Jumamosi asubuhi ili lisiwake, yeye adhani ni bahati mbaya. Je, nitakuwa nimekosea? Naogopa sana.

Mama Pacha

MSHAURI ANAJIBU

Mama Pacha, pole. Nimesoma barua yako nikajikuta nakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia. Hofu yako si uoga, ni akili, na kwa sasa naona ndiyo akili pekee inayofanya kazi humo ndani.

Sasa nikugombeze. Fundi hakutania! Fundi akisema injini imekubali, anasema habari za injini aliyoambiwa afunge, basi. Kijana yule hawezi kumwambia mtu wa umri wa baba yake, mbele ya watu, "Mzee, hili halitasimama." Heshima ilimfunga mdomo, akaupitisha ukweli kwenye mzaha. Miguu ni breki, mama, na springi, na usukani, vyuma vilivyotengenezwa kwa injini ya mwendo wa maandamano. Mumeo akasikia matairi. Nanyi nyote mkacheka.

Waya usiuguse. Mtu aliyepandisha injini ile kwa mikono yake atauona waya wako kabla chai haijapoa, ataurudisha, kisha ataondoka na hasira juu. Hasira na breki mbovu kwenye kona moja, ndicho unachotaka?

Fanya hivi leo, usingoje Ijumaa. Mwite fundi uani, awepo mumeo na wewe, asiwepo mtazamaji mwingine. Muulize, "Mwanangu, ungempakia mama yako humu mkashuka naye mlima ule?" Halafu nyamaza, umwache ajibu. Kama lazima gari liende gereji, libebwe juu ya lori, lisitembee lenyewe hata hatua. Lifungwe breki zinazolingana na injini hiyo, na mkaguzi wa magari alitazame kabla halijaonja mteremko. Jumamosi pandeni basi. Mama mkwe akinuna, anune akiwa hai.

Ukuta usikutishe. Gari ambalo halijamalizika ni kazi, na mtu mwenye kazi hana muda wa kutazama ukuta. Tena mikono ile imekwambia kila kitu: naye anaogopa, ila ameshajisifu mno, hajui atarudi vipi nyuma. Mpe njia ya kurudi.

Umemweleza hofu yako mtu usiyemjua, na unayelala naye hujamwambia hata neno moja. Mkae leo, mwambie kwa mdomo wako kwamba unaogopa, na kwamba wewe na watoto hampandi. Usizunguke wala usichekeshe. Atakuuliza, najua atakuuliza, "Kwani huniamini?" Mjibu hapo hapo, "Nakuamini. Ndiyo maana nataka Jumapili uwepo."