Vifurushi Mia Vilivyorudi Vyote

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole ya mkono. Shemeji amenieleza jinsi pasi ilivyokuchoma. Wapwa zangu wazima? Yule mdogo bado anakula chaki? Mimi nina afya, ila usingizi umenikimbia. Naandika kwenye karatasi kwa kuwa simu zangu hupokei, na sikulaumu.

Huku makao makuu mambo ni yale yale. Chumba cha mitambo kina feni mbili: nzima ni ya ruta inayopitisha data zetu, mbovu ni yangu. Bosi, tunayemwita Bwana Taratibu, bado huingia bila hodi na kuuliza ile taa ya kijani maana yake nini. Kila siku namjibu kuwa ni nzuri, anaondoka ameridhika.

Sasa ile laini ya frame relay, laini ya data tuliyokodi kwa kampuni ya simu, ya kutuunganisha na ghala lako la dawa. Chuo changu, unajua, ni kile kitabu nilichoazima kwako miaka sita iliyopita, kikaja kupoteza jalada. Nilikifuata mstari kwa mstari. Niliipa ruta namba ya njia na anwani, kisha nikachomeka ile plagi ya kitanzi inayorudisha kila kinachotumwa kilikotoka, nipime kwanza upande wetu. Ruta na swichi ya kampuni ya simu husalimiana kila baada ya sekunde kumi, na ruta isipoitikiwa huiangusha laini. Kwenye kitanzi hakuna wa kuitikia, kwa hiyo nikazizima salamu ili taa isizimike. Nikatuma vifurushi mia vya data vya majaribio. Vikarudi mia.

Papo hapo Bwana Taratibu akaingia, akaona kijani, akanivuta hadi kwa vigogo. Walinipigia makofi. Mmoja akaniita injinia, nami sikumsahihisha.

Ulipopiga simu kusema huko kwako kimya, nilikujibu mbele yao kwamba fundi wa ghala ni wewe, basi kagua waya zako, huenda umezigeuza. Ukaniomba nichungulie nyuma ya ruta. Nikacheka, nikakuambia ukapime macho. Kwa siku tatu mkasoma oda za dawa kwa simu, wewe ukafumua waya zote na kufunga upya, mwisho ukapewa barua ya onyo na kuitwa kikaoni Ijumaa, kazi yako ikiwa hatarini.

Dada, waya zako hazikuwa na kosa lolote. Jana asubuhi nilipiga magoti nyuma ya ruta kutafuta kalamu, nikaikuta plagi imekaa pale pale. Vile vifurushi mia vilikuwa vyangu, nilijisemesha, nikajiitikia. Nikaichomoa, nikarudisha salamu, na kabla sijainuka orodha za ghala lako zikaanza kumiminika.

Hadi alasiri nilifikiria kulificha kosa langu. Laini ikisemwa imejirekebisha yenyewe, watu huamini. Kisha nikaenda kwa Bwana Taratibu na plagi mkononi. Aliuliza mara tatu kijani kiliwezaje kudanganya. Onyo lako limefutwa, langu linachapwa, na kikao cha Ijumaa sasa ni changu.

Msalimie shemeji, na mla chaki. Kitabu chako nakirudisha pamoja na barua hii. Plagi nimeiweka ndani, kwenye sura ya kupima. Jibu refu sidai. Itikia salamu tu, nijue laini ingali hai.

Ni mimi mdogo wako,
Injinia wa kujipachika