Kware wa Mlangoni

Madaba, wiki ya kuvuna zabibu

Mwanangu Kayumu,

Hujambo huko Dameski? Mimi mzima, ila magoti. Yakilia, mbuzi wa jirani huitikia.

Sikia vituko. Wakubwa wa kanisa wameamua ati picha za vijiwe za viumbe hai zitoke sakafuni mwa kanisa. Ndege wetu wote! Padri Yoani kanijia: "Mzee Salamani, uliwapanga wewe, wavuruge wewe." Nikamwuliza, "Kwani wamekula ngano ya nani?" Hakucheka. Basi nang'oa vijiwe, navichanganya, navirudisha mle mle. Jogoo sasa ni kama uji uliomwagika. Tausi sikumwonea huruma, alizidi maringo.

Amebaki kware wa mlangoni, aliyepangwa na marehemu mama yako kwa mkono wake. Nataka tumng'oe mzima na chokaa yake, tumlaze nyumbani. Mikono yangu inatetemeka. Yako ndiyo itakayoweza. Njoo.

Baba yako

*

Dameski, mvua za kwanza

Baba, shikamoo.

Pole na magoti. Mimi sijambo. Ukuta wa msikiti huu ni mrefu kuliko maneno yako! Tunapanga miti, mito, majumba. Hakuna ndege hata mmoja, wala mtu hata kivuli chake. Msimamizi hatoi ruhusa mpaka tumalize mto. Mzuie padri. Kware wa mama asiguswe, nakuja kabla ya Pasaka.

Mwanao

*

Madaba, Kwaresima

Marahaba, mwanangu. Huko salama?

Padri nimemzuia. Nimemwambia mgongo umekatika. Ananiletea dengu, nazila nimejilaza kama mzazi aliyejifungua jana. Kware nimemfunika mkeka. Lakini Pasaka askofu anakuja kukagua. Mto gani huo usiofika baharini? Chokaa ya kumlazia nimeshaikoroga, hapa kando ya kitanda.

Baba yako

*

Madaba, baada ya Pasaka

Mwanangu,

U mzima? Barua yako sikuiona, wala wewe mwenyewe.

Nilijaribu kumng'oa peke yangu, akapasuka shingoni. Basi nikamvuruga kama wenzake, nikamwachia miguu tu. Askofu akauliza, "Hii nini, mzee?" Nikamjibu, "Mizizi, Baba Askofu." Akaibariki mizizi, akapita.

Nikageuka nipate mtu wa kucheka naye. Hapakuwa na mtu.

Maliza mto wako taratibu, mwanangu. Hakuna tena cha kuwahi.

Baba yako