Fundo Nililofunga kwenye Mashine ya Elia

Yoba, Gitega
Alhamisi

Baba Elia, mume wangu,

Nakusalimu wewe wa kwanza, na mgongo wako nausalimu peke yake, uniambie kama bado unakuamsha alfajiri au umeanza kukuhurumia. Bibi, mama yako, mshike mikono yote miwili unisalimie, umwambie blanketi lake sijalisahau. Neema kitinda mimba wetu namsalimu, na ajue kuku nawajua mmoja mmoja. Wifi Yustina na wanawe hapo ng'ambo ya njia nawasalimu, na wenzangu wa kwaya wote. Hata ng'ombe msalimieni, mniambie kama ndama ananyonya vizuri. Huku mjukuu wetu ana miezi mitatu, akishika kidole hakiachii, na mama yake, mkwe wetu Speransiya, amepata nguvu, maziwa yapo. Kwa hiyo kilichonileta kimekwisha, na mngekuwa mmeshaniona nikishuka Giteranyi na begi langu, kama si ile mashine.

Baba Elia, hapa acha kusoma kwa sauti. Salamu zimekwisha, yanayofuata ni yako. Ningepiga simu, lakini Neema akishika simu anaiweka kwa sauti kubwa nyumba nzima isikie, na hili sitaki Wifi Yustina alijue kabla yako.

Unajua patroni wa Elia, yule aliyemwajiri, ana trakta kuukuu pale karakana, na Elia anaitengenezea kifaa cha kufyeka pori. Kinafungwa mbele ya trakta, kina sahani nzito ya chuma na visu viwili. Kinachozungusha visu ni mota, lakini si ya petroli wala umeme, ni ya kusukumwa na mafuta. Pampu ya trakta inasukuma mafuta kwa nguvu kupitia mpira mmoja, mota inazunguka, mafuta yanarudi kwa mpira wa pili. Patroni alimwahidi kwamba pori la kwanza kufyekwa litakuwa letu la bondeni, kabla ya mvua. Ndiyo maana nimekukataza panga miezi yote hii.

Elia ameilinda ile mota kama yai. Aliniambia, "Mama, kinachoua mota ni pigo." Kwa hiyo visu hakuvifunga kwenye mota yenyewe. Ametengeneza shingo ya chuma yenye beringi, pigo liishie pale. Visu vyenyewe vimeshikwa na bolti moja moja, vikigonga kisiki vinajikunja nyuma. Na mota ameivika kofia ya chuma juu. Nikamwuliza, "Na jiwe je? Kule kwetu kuna mawe ya msingi wa nyumba ya babu yako, pori liliyameza tukiwa ukimbizini Tanzania." Akasema, "Hilo ndilo naliogopa, Mama."

Sasa sikiliza. Mota ile ina mpira wa tatu, mwembamba kama kidole cha mtoto. Alikuwa hajapata kiungo cha kuurudisha kwenye tangi, basi aliuacha unaning'inia kwenye dumu. Jumanne ya wiki iliyopita nilipeleka chakula cha mchana. Wanaume wamekwenda kunawa. Nikaona dumu limejaa, mafuta yanadondoka chini, tone, tone, na mafuta yale ni ya kuagiza. Baba Elia, mimi nimekulia kwenye mawese, siwezi kutazama mafuta yakimwagika. Nikafungua ule ukanda wa mpira wa baiskeli niliofungia kapu la chakula, nikaukunja ule mpira mwembamba, nikaufunga. Nikaufunga vile ulivyonifundisha kufunga dumu la mawese tulipokuwa tunaenda soko la Gashoho: mizunguko mitatu, mkia unapita chini ya mzunguko wa pili, kisha vuta kwa meno. Nikafurahi, nimesaidia.

Walipomaliza kula wakawasha trakta. Nilikuwa bado nakusanya sahani. Visu vikazunguka, yale majani marefu nyuma ya karakana yakalala chini kama yamesinzia, nami nikapiga vigelegele, mimi huyu! Sikuvimaliza. Mafuta yakaruka kutoka chini ya mota, yakampiga patroni shati zima mpaka ndevu, akafoka kwa Kiswahili chake kile:

"Elia! Ni nini hii? Hii mota iko mupya! Yule mzee ametuuzia kitu ya bure!"

Akaitwa Mzee Anwar, yule Mhindi mwenye duka la vipuri aliyeagiza mota. Alikuja polepole na kofia yake nyeupe, akapiga magoti, akatazama, akafuta mikono.

"Mota haina kosa," akasema. "Kila mota ya namna hii huvuja kidogo ndani yake, na huu mpira mwembamba ndiyo njia ya kutokea. Mtu aliuziba. Mafuta yakakosa njia, yakaipasua sili inayoyazuia yasitoke nje. Tazameni, alama ya kukunjwa hii hapa."

Nilikuwa nimeshika sahani sita. Nikafungua mdomo, na Elia akanitangulia. "Ni mimi. Niliufunga nikasahau kuufungua."

"We ni fundi gani?" patroni akamfokea. "Alors, basi, enda kwa mageti. Mashine uiache."

Tangu siku hiyo mtoto wetu anachomelea mageti, na mashine imefunikwa turubai. Na asiporudi kwenye mashine, nani atakumbuka ahadi ya bonde letu?

Nilidhani kweli hajui kwamba ni mimi. Jumamosi nikawa nafua ovaroli lake, mkono wangu ukakuta kitu mfukoni. Ukanda wangu. Kumbe aliukata kwa kisu upande kabla Mzee Anwar hajafika, fundo akaliacha zima. Fundo lako, Baba Elia, analijua tangu anakaa mbele ya baiskeli yako. Nikamfuata uani na maji yakinitiririka mikononi.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, Mama? Kwamba mama yangu amekuja kufunga mashine kama dumu la mawese? Wangecheka mpaka Krismasi."

"Nigombeze basi."

"Sikugombezi."

"Nigombeze, Elia!"

Akachukua mtoto akaingia ndani. Angenigombeza ningepumua. Ameikinga ile mota na visiki, ameikinga na mawe, hakuwaza kuikinga na mama yake.

Jumatatu nilikwenda kwa patroni bila kumwambia mtu. Nikamwekea ukanda mezani. Akanitazama kama nimeleta nyoka. "Mama, funga tena nione." Nikafunga kwenye kipande cha mpira. Akavuta, akavuta kwa mikono miwili, fundo halikufunguka.

"Basi Elia anarudi kwa mashine," akasema. "Lakini we mama, chakula yako utaiacha pale kwa geti."

Nilirudi mbiombio nikidhani nimeleta habari njema. Elia akasema, "Umenifanya mtoto mbele ya watu," na hajaniambia neno lingine mpaka leo. Anapitishia maneno kwa Speransiya, na mimi nimekaa palepale. "Mwambie Mama chumvi imezidi." Speransiya ananigeukia, "Mama, chumvi imezidi." Na kwenye kofia ya mota ameandika kwa chaki, herufi kubwa: MPIRA MWEMBAMBA USIFUNGWE. Yoba nzima inajua ni mimi.

Sili mpya bado. Kila siku Mzee Anwar anasema kesho, na mawingu nayo yameanza kukusanyika. Patroni amesema mvua ikitangulia, trakta haishuki bondeni, itazama kwenye tope, tungoje mwaka mwingine. Nachungulia juu kila saa. Nimechoka kuchungulia.

Jana jioni Speransiya akaniambia, "Elia anauliza kama Baba anaweza kupita bondeni mbele ya mashine." Elia alikuwa amekaa pale pale anakata kucha. Anataka kila kisiki na kila jiwe lipigiwe kigingi kilichofungwa kitambaa chekundu juu, cha kuonekana kutoka kwenye trakta. Visiki mashine inavumilia, ila ule msingi wa nyumba ya baba yako ukigongwa, mota imekwisha, na safari hii hatapewa nyingine. Wewe hukumbuki nyumba ilikaa wapi, ulikuwa mdogo mlipokimbia. Muulize Bibi. Mpeleke polepole, akae kwenye kiti pale juu, akuonyeshe kwa kidole mlango ulitazama upande gani na ukuta wa nyuma uliishia wapi. Neema aingie kichakani kupigilia, si wewe.

Vitambaa funga wewe mwenyewe. Mizunguko mitatu, mkia chini ya wa pili, upepo usivichukue.

Nisalimie wote tena, na Bibi zaidi. Huyu anayekuletea barua ni muuza maharage, atalala Muyinga siku mbili kisha anarudi huku. Usimwache aondoke mikono mitupu, mpe jibu: Bibi amekumbuka, au hakumbuki? Andika hilo kwanza, mengine baadaye. Na kwenye karatasi yako mwandikie Elia mstari mmoja, wewe anakusikia.

Ni mimi mkeo,
Mama Elia