Viatu Vyangu vya Pasaka

Korogwe, wodi ya wanaume, Jumanne

Mdogo wangu Rosina,

Salamu kutoka kitandani. Uji wa hapa ni mwepesi hata najionea sura humo, na bado mimi ni mzuri. Kuku wangu hapo Kwamsisi wanataga?

Nakuandikia maana kwenye simu ungesikia sauti yangu inatetemeka, ukanitangaza mpaka Mkata.

Daktari Pendo anasema kile chuma walichonifunga mguuni baada ya ajali ya pikipiki kimevamiwa na wadudu. Wamejifunika utando wa ute, dawa inateleza juu tu. Sasa ipo dawa ya majaribio, vijiprotini vilivyoigwa kwenye ngozi ya chura. Vinatoboa utando, kisha antibayotiki inaingia.

Nikamuuliza, "Vyura niliowapiga mawe utotoni watakubali kweli?"

Akacheka. "Mzee, dozi ya kwanza ulimaliza?"

Nikasema ndiyo.

Rosina, sikumaliza. Kidonda kilipokauka, vidonge vilivyobaki niliwapa kuku walioanza kusinzia. Kuku wakapona, mimi ndiye niliyeoza. Leo asubuhi nimemwambia ukweli. Hakucheka. Amesema tutajaribu wiki mbili. Isiposaidia, wanakata juu ya goti.

Ndugu anatakiwa asaini fomu ya ridhaa kabla ya Ijumaa. Njoo wewe, usitume mtu. Naogopa, na neno hilo hujawahi kulisikia kwangu.

Uniletee viatu vyangu vya Pasaka. Vyote viwili.

Kaka yako mkorofi,
Gregori