Makaa na Tumbo la Mama Mwende

Jumapili, 30 Desemba 2007
Leo nimechekecha makaa peke yangu. Vumbi kando, vipande kando. Hapa mtaani Silanga hakuna mtu wa kunishinda kuchekecha, hata hawa vijana wanaouza makaa. Wateja wachache. Jioni redio ikatangaza mshindi wa urais. Kelele, halafu moshi. Nimefunga kibanda. Nimechoka na hizi kura.

Jumatatu, 31 Desemba
Mfereji umekauka. Wamevunja paipu huko chini karibu na bwawa, watu wote wanateka hapo. Nimejaza mtungi. Maji ina rangi ya chai. Mke wangu, Mama Mwende, anataka kuichemsha. Nimekataa. Barabara zimefungwa, lori la makaa haliji tena, gunia lililobaki ni dhahabu. Nichome mali yangu sababu ya maji? Mimi nimekunywa maji ya mito ya Kitui tangu nizaliwe. Tumbo langu ni jiwe. Tumekunywa.

Jumatano, 2 Januari 2008
Mama Mwende anahara. Anajikunja, mwili moto. Nimesaga makaa ikawa unga, nikakoroga kwa maji, nikamnywesha. Makaa inanyonya sumu. Hii dawa naijua kuliko daktari.

Alhamisi
Damu. Damu na makamasi. Nimemwongezea makaa. Kliniki ya hapa imefungwa. Haongei. Naogopa. Sitamwambia mtu.

Ijumaa, 4 Januari
Nimempakia kwa mkokoteni wa makaa, nikamfunika leso. Tumekuja kwa binti yetu Mwende, mtaa unaoitwa Kongo, huku Kawangware. Njiani vijana na mapanga. Wanataka kitambulisho, wanataka kabila. Nikafunua leso. Harufu ikawajibu. Mmoja akaziba pua, akasema, "Pitisha mgonjwa, buda. Haraka." Nimesukuma. Mzee mwingine hawezi, mimi nimeweza. Nimefika, nikalala palepale sakafuni.

Jumamosi
Jirani ya Mwende ni nesi. Anatibu watu nyumbani kwake sababu ya hii vita ya kura. Ametazama choo cha Mama Mwende, cheusi na damu ndani. Akauliza amekula nini. Nikamweleza dawa yangu. Nikamweleza na paipu.
"Mzee, makaa ungeweka chini ya sufuria, si ndani ya mgonjwa."
Mwende akacheka huku analia. Nimekasirika sana. Nesi anasema ni kijidudu kinaitwa Shigela. Kinakula ukuta wa utumbo, kinapita kwa maji na kwa mikono. Dawa za zamani kimezizoea, hazikiui tena. Ametoa vidonge vya jina refu kama treni, na maji ya chumvi na sukari, anywe kidogo kidogo. Amekataza dawa za kufunga tumbo. Kijidudu kitoke, anasema, kisifungiwe ndani.
Ni yale maji yangu. Basi. Nimeandika.

Jumatatu, 7 Januari
Homa imeshuka. Damu kidogo. Nikaona amepona, nikaweka vidonge vilivyobaki mfukoni. Vya siku nyingine, maana vita haijaisha. Mwende akanivuta koti.
"Baba, unataka kumzika na dawa ziko mfukoni?"
Mtoto wangu mwenyewe. Nimevitoa. Atampa mama yake kila siku mpaka cha mwisho.

Alhamisi, 10 Januari
Hakuna damu. Amekunywa uji, akalalamika sukari haitoshi.
Nesi alisema nguo zake zifuliwe kando, sabuni na maji moto. Mwende yuko kazini. Nimefua mimi, hapa nje kwa ploti, mbele ya watu. Nyumbani Kitui mwanamume hafui nguo za mke. Wanawake wakacheka, "Baba Mwende, umeolewa lini?" Nikawaambia watazame vizuri wajifunze. Sijawahi kuona mtu anafua shuka kunishinda. Mgongo unauma.
Nimeanika zote. Jua kali. Yeye amelala mdomo wazi, anakoroma. Nimekaa mlangoni, nasikiliza.