Shimo la Mbele ya Geti

Nyumba ya kona, geti la kijani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Mama mdogo hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi huku hatujambo. Mama anahangaika na macho, lakini mtu akifunua sufuria jikoni anajua ni nani. Mimi nimezidi kunenepa, usimwambie mtu.

Najua zikifika barua zangu unaruka moja kwa moja mpaka kwenye salamu za mwisho, uone nani kakukumbuka na nani hakukukumbuka. Leo nakuomba usiruke. Ningekupigia simu, ila Baba kasema haya si ya kusemea simuni.

Mtaa wetu unatengenezwa. Ndiyo, huu huu. Mwaka juzi alipita binti mmoja wa jiji, injinia, akitembea kwa miguu mtaa kwa mtaa na daftari lake, kila mtaa anaupa alama: nyufa ngapi, mashimo mangapi, maji yanatuama wapi. Iliyoharibika zaidi ndiyo inayoanza kwenye orodha. Sisi tulishika nafasi ya nne, na jirani yetu fundi cherehani akatembea kifua mbele kana kwamba tumefaulu mtihani. Kisha tukasubiri mwaka mzima, maana siku hizi lami haimwagwi mpaka watu wa maji waseme mabomba yao ni mazima, wasije wakaifumua tena baada ya mwezi.

Mwezi uliopita wakabandika tangazo, magari yakahamishiwa mtaa wa pili, wakachora rangi barabarani, bluu kwa bomba na nyeupe kwa ukingo. Baba akatoa kiti nje ya geti, kofia kichwani, akaanza kazi. Unamjua. Amestaafu miaka tisa sasa lakini bado ni msimamizi wa kikosi cha barabara. Mara kifusi hakijalowana, mara rola ya kushindilia inakimbizwa. Wafanyakazi wakambandika jina, Injinia wa Kiti.

Halafu wakafika kwenye lile shimo la mbele ya geti letu. Sitaki kukutonesha kidonda, lakini lazima nilitaje. Miaka ishirini na mbili iliyopita, mlipoijenga barabara hii, Baba alikuwa msimamizi, wewe dereva wa rola, na barabara ilipotitia hata mwaka haujaisha, alisema mbele ya kikosi kizima kwamba uliharakisha, hukushindilia. Ukaondoka, hukurudi. Shimo limezibwa mara kumi na moja na kila mara linafumuka, na humu nyumbani likaitwa shimo lako. Hata mimi nimeliita hivyo. Nisamehe.

Jumanne moja ya mwezi huohuo walilichimba. Upande mmoja ulikuwa tope tupu, na ndani ya tope kiungio cha bomba kinavuja maji membamba kama uzi, yaliyokuwa yakila udongo polepole miaka yote hiyo. Upande wa pili kifusi kilikuwa kikavu, na kila wakikipiga sururu inadunda. Yule binti injinia akainama, akakigusa, akasema, "Aliyeshindilia hapa alijua kazi yake."

Baba akamwomba arudie. Akarudia. Baba akashuka shimoni na goti lake lile bovu, akaomba sururu, akapiga mara moja tu. Ikadunda. Akairudisha, akarudi kwenye kiti. Chakula cha mchana hakukigusa.

Jioni ndipo akaniambia jambo ambalo hata Mama hakulijua. Siku ile mlipofukia bomba, watu wa maji walikuwa hawajalipima. Walitaka siku mbili. Yeye akaogopa kazi itachelewa, akaamuru lifukiwe. Barabara ilipotitia wazo la bomba lilimjia, akalifukuza, akakutupia wewe lawama.

"Haraka ilikuwa yangu," akasema. "Mwandikie. Mwambie shimo halikuwa lake."

Alilia, Baba Mdogo. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika Bibi. Nilimkasirikia sana, nikamhurumia, nikaenda kumpikia chai.

Kesho yake wakabadilisha kiungio. Majirani walikuwa wamechoshwa na vumbi, wakataka pafukiwe upesi, na aliyepiga kelele zaidi ni fundi cherehani, nguo za wateja zote zimekuwa rangi moja. Baba akaburuta kiti chake mpaka ukingoni mwa shimo, akakaa. "Hapafukiwi kitu mpaka wapime," akawaambia. Akakaa siku zote mbili, mimi nikimpelekea chai na mwavuli wa jua. Injinia alipoangalia kipimo na kusema bomba ni zima, ndipo akainuka.

Lami wameilaza wiki iliyopita. Kila asubuhi Baba anamwaga ndoo ya maji palepale, anasimama kuyatazama. Yanateremka yote hadi mtaroni.

Chumba cha uani nimekifagia na godoro nimelianika. Sikulazimishi. Nakwambia tu kwamba lipo.

Mama anakusalimu sana, anasema umletee sauti yako, mengine ataona kwa mikono. Shangazi anakusalimu, na mumewe pia. Fundi cherehani anauliza kama bado unacheka mpaka mtaa wa pili wasikie. Mungu akulinde, akupe afya na moyo mwepesi.

Na Baba anakusalimu. Miaka ishirini na mbili nakuandikia, na sentensi hii sijawahi kuiandika.

Mwanao akupendaye,
yule uliyemwita Kasuku